Kinu na Maabara: Safari ya Amani

Atokaye Tanga mjini kwenda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, hupita kwanza katika nchi ya mkonge, safu baada ya safu ya majani yenye ncha kali, yaliyopandwa kwa kamba hata yakafika upeo wa macho. Na msafiri mwenye kutafakari hawezi kuyapita mashamba hayo asikumbuke ya kuwa mmea ulioitangaza Tanga katika masoko ya ulimwengu ulikuja hapa ukiwa mgeni, pale Dakta Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, na katika ile mingi aliyoagiza ikasalimika 62 tu, nayo ndiyo iliyokuwa asili ya mashamba yote yale. Nchi hii tangu zamani imekuwa ikipokea mimea na kutoa mimea, na kila mmea uliopokewa au kutolewa ulifuatana na ilimu yake: namna ya kuupanda, namna ya kuula, na namna ya kujihadhari nao. Haja yangu katika safari hii ilikuwa kupaona mahali ambapo ilimu hiyo imeandikwa na kupimwa kwa muda wa zaidi ya karne moja, na kujua ni kiasi gani chake kimewarudia wenye nchi, hasa watoto waketio darasani chini ya vivuli vya miti ile ile iliyoandikwa.

Gari la Amani huondoka Muheza likishajaa, wala halina saa nyingine ijulikanayo. Muheza ni mji wa machungwa, na penye kituo cha magari yalikuwa yamerundikwa kwa mafungu juu ya magunia, wauzaji wakiyamenya kwa visu vyembamba na kuyauza kwa abiria waliokwisha kukata tamaa ya kuondoka asubuhi. Jirani yangu garini alikuwa mama mtu mzima, aliyepakata furushi la majani mabichi lililofungwa kwa kamba ya mgomba, akimpelekea binti yake aliyeolewa huko juu mlimani. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani, nikamwuliza kama ni kisamvu.

“Kisamvu, mwanangu, lakini cha mpira,” akanijibu. “Hiki kilaini, na mti wake haujui kiangazi. Ila chochote kiwacho, cha muhogo au cha mpira, sharti kipite kinuni.”

Akanionyesha jani moja, akalikunja kwa vidole ili nione jinsi lilivyo teketeke, akaeleza namna ya kuchuma vile vichwa vichanga na kuyaacha majani yaliyokomaa, namna ya kutwanga mpaka yawe kama unga uliolowa, namna ya kuchemsha kwanza peke yake kabla ya kuweka nazi. Alisema yote haya kwa utaratibu wa mtu anayetoa kanuni, bila ya kuniambia sababu ya kanuni hata moja, nami sikumwuliza, kwa kuwa gari lilikuwa limeanza kupanda na kila mtu alikwisha kujishikilia.

Barabara ikishaliacha bonde hujipinda na kupanda kandokando ya mto Zigi, mto ambao maji yake hukingwa kwa bwawa la Mabayani na kunywewa na watu wa Tanga. Pale Zigi kungali na nyumba ya zamani ya stesheni, ukumbusho wa reli nyembamba iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuteremsha magogo mpaka Tengeni. Reli imekwisha kung'olewa, stesheni imebaki, na sasa ni mahali pa kuwapokea wageni waendao kutazama msitu. Toka hapo msitu hufunga pande zote mbili. Mtambara, mti usiopatikana porini ila katika milima hii na michache iliyo jirani, hunyoosha shina lake bila tawi hata juu sana, mnyasa hujitandaza, mvule, ambao pwani umekwisha kukatwa kwa ajili ya milango na majahazi, hapa ungalipo, na chini ya miti hiyo, penye unyevu na kivuli, wakulima wamepanda iliki na pilipili manga. Tangu mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu huu, zaidi ya hekta 8,000, ni hifadhi ya mazingira asilia, na mlinzi wa lango huandika jina la kila aingiaye.

Amani yenyewe haikukusanyika kama mji. Ni nyumba za kale, maabara na maktaba zilizotawanyika juu ya vilima, katika kimo cha takriban mita 900, zikiunganishwa na njia za miguu zilizoota kuvu pembeni. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902, ikiongozwa kwanza na Franz Stuhlmann na baadaye na Albrecht Zimmermann, na nia yao haikufichwa: walitaka kujua ni mimea gani ya dunia itakayostawi katika koloni lao na kuwaletea faida. Wakaifyeka miteremko, wakaigawa kwa viwanja, wakapanda miti kutoka Bara Hindi, Java, Amerika ya Kusini na visiwa vya mbali: kwinini, kafuri, mdalasini, kahawa za aina aina, mikaratusi na miti ya mpira. Ilipozuka vita mwaka 1914, na manowari za Waingereza zikaizingira pwani hata dawa zisifike kutoka Ulaya, magome ya kwinini yaliyokuzwa milimani hapa yalisindikwa kuwa dawa ya homa kwa majeshi ya jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Waingereza walipoitwaa nchi, mahali hapa palilala kwa muda, kisha pakafufuliwa katika miaka ya 1920 pakawa kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki nzima. Na baada ya Vita ya Pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga nchini Kenya, nyumba zikakabidhiwa watafiti wa malaria, ambao warithi wao leo wamo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Aliyenitembeza katika bustani alikuwa mzee wa Kisambaa mwenye fimbo ya mpera, ambaye baba yake alifanya kazi hapa wakati wa Waingereza. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya mbu au kwa ajili ya miti, kwa maana wageni wa Amani, alisema, ni wa namna hizo mbili tu. Nikamwambia miti. Akatangulia mbele, na kila tulipofika penye mti aliusimamia kama anayemtambulisha mtu wa jamaa yake, akiutaja kwanza kwa Kisambaa, kisha kwa Kiswahili kama una jina la Kiswahili, kisha, kwa sauti ya mtu asomaye barua rasmi, kwa Kilatini. Chini ya msambu aliinama akaokota tunda kubwa la rangi ya udongo lililoanguka, akalipasua kwa kisigino, akanipa mbegu moja niikune kwa ukucha. Ilitoa mafuta meupe yaliyoganda kidoleni papo hapo.

“Haya wazee wetu walipikia,” alisema. “Kisha katika miaka ya 2000 wakaja watu wa viwanda vya Ulaya kuyanunua kwa kilo, wakayafanyie siagi ya kupaka mkate. Watoto wakaokota mbegu wakapata ada ya shule.”

Jina la Kilatini la msambu ni *Allanblackia stuhlmannii*, na sehemu ya pili ni ukumbusho wa yule yule Stuhlmann aliyeuanzisha uchunguzi wa hapa. Kadhalika lile ua dogo la zambarau liotalo katika mawe yenye unyevu ya milima hii, ambalo leo huuzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, huitwa *Saintpaulia* kwa ajili ya Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani pande za Tanga, ambaye mbegu zake zilifika Ujerumani, na mtaalamu Hermann Wendland akaliandika rasmi mwaka 1893. Sisemi kwamba watu hao hawakustahili kukumbukwa. Nasema ya kuwa katika kila ukurasa wa mimea ya Usambara yupo mtu mwingine asiyetajwa, yule aliyetangulia mbele na panga, aliyeijua njia ya kufika penye mti, aliyeparamia kuchuma maua, na aliyeulizwa, “Huu mwauitaje, nao mwautumia kwa nini?”

Ushahidi mkubwa wa mtu huyo ni kitabu. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Amani, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, na mwaka 1940 akaitoa tena ikiwa imekuzwa; na yeyote aipekuaye leo huona mara moja kwamba kazi hiyo haikuwezekana kufanywa na mtu mmoja mezani. Kila jina mle lilitoka kinywani mwa mtu: mkulima, mwindaji, mganga, bibi aliyekuwa akichuma mboga. Wasambaa, Wabondei, Wadigo, Wazigua na watu wa visiwani walitoa majina yao, na mtaalamu akayalinganisha na sampuli zilizokaushwa katika karatasi, akatenganisha mimea miwili iliyoitwa jina moja na kuunganisha majina matano yaliyokuwa ya mmea mmoja. Hivyo ndivyo sayansi ya mimea ilivyoanza katika nchi hii, kwa swali la mgeni na jibu la mwenyeji, na aghalabu aliyeuliza ndiye aliyeandikwa.

Lakini kisa cha Amani kilichonivutia kuliko vyote ni kisa cha muhogo. Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili, ukaenea hata ukawa tegemeo la pwani na bara wakati wa njaa. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliandika habari za ugonjwa ulioonekana pande hizi, unaoyakunja majani ya muhogo na kuyatia mabaka ya manjano, ambao wakulima wetu leo huuita batobato. Na katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey, akifanya kazi hapa Amani, akatenga ugonjwa mwingine, mbaya zaidi kwa kuwa ni mnafiki: shina na majani huweza kuonekana hayana neno, mkulima akangoja mavuno kwa moyo mkunjufu, kumbe ndani ya ardhi mizizi imekwisha kuoza kwa michirizi ya kahawia. Magonjwa yote mawili huchukuliwa na nzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe akatapo pingili katika shamba gonjwa na kuzipanda katika shamba jipya.

Storey na mwenziwe R. F. W. Nichols walitafuta katika mihogo ya dunia mmoja uwezao kuyastahimili magonjwa hayo, na kwa kutoupata wakaugeukia mti uliokuwa umesimama katika viwanja vya Amani tangu wakati wa Wajerumani, ulioletwa kwa ajili ya utomvu wake na kusahauliwa biashara yake ilipoanguka. Ni mti wa mpira, *Manihot glaziovii*, ndugu wa muhogo katika ukoo wa mimea, ule ule ambao majani yake yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya mgomba juu ya mapaja ya jirani yangu wa garini. Wakachanganya mbelewele za mmoja na ua la mwingine. Kizazi cha kwanza kilikuwa na nguvu za mpira na mizizi isiyolika. Wakakirudishia kwa muhogo mara ya pili, na mara ya tatu, wakichagua kila mara ile michache iliyobeba uzima wa mti na utamu wa muhogo, hata wakapata mihogo iliyosimama katikati ya wagonjwa isiugue.

Yaliyofuata yanastahili kusomwa na kila mtoto wa shule. Nichols alifariki mwaka 1951, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha kazi ya kuzalisha muhogo Amani ikafungwa. Mbegu za uzao huo, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kupelekwa Nigeria, na huko Ibadan ukachaguliwa kutoka kwazo mmea mmoja ulioandikwa kwa namba 58308, ambao katika miaka ya 1970 ukafanywa mzazi wa mihogo mipya ya kituo cha kimataifa cha kilimo cha kitropiki. Na batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, aina zilizowaokoa wakulima wa huko zilikuwa za ukoo huo, zimerudi Afrika Mashariki kwa njia ya Nigeria.

Na si hayo tu. Mmoja wa mihogo iliyozaliwa Amani, ambao katika daftari uliitwa 46106/27, uliachwa mikononi mwa wakulima baada ya maabara kufungwa. Wao hawakuwa na habari ya namba. Walionja wakaona mzuri, wakaona hauozi ndani ya ardhi, wakakata pingili wakapeana, jirani kwa jirani na mama kwa binti, miaka nenda miaka rudi. Pwani ya Kenya ukaitwa Kaleso, na kusini mwa Tanzania ukaitwa Namikonga. Watafiti wa zama hizi, walipokuwa wakitafuta kinga ya michirizi ya kahawia, walizichukua Kaleso na Namikonga, wakazipima vinasaba vyao, wakakuta ni mmea mmoja, yule mtoto wa Amani. Hazina iliyotengenezwa na maabara ilitunzwa na jembe kwa zaidi ya nusu karne, na maabara ikairudia kuiomba kwa mkulima.

Niliposhuka mlimani nilipata ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa la sita katika shule moja ya msingi, ambako mwalimu wa sayansi, kijana aliyezaliwa tambarare za Muheza, alikuwa amenialika nione somo lake. Juu ya meza hapakuwa na chombo cha kioo. Palikuwa na kinu, mchi, sufuria, fungu la majani machanga ya muhogo, kisu, na bakuli la majivu. Mwalimu akauliza: “Nyumbani mchicha hukatwa kwa kisu. Kwa nini kisamvu hutwangwa?” Wakajibu kama mtu yeyote angalivyojibu: ili kiwe laini, ili kiive upesi, ndivyo tunavyofanya. Hakulikataa jibu lolote; aliyaandika yote ubaoni, akawatoa nje.

Uani akachora kwa majivu duara kubwa, na ndani yake duara dogo. Akawaweka watoto kadhaa katika duara dogo, akasema, “Ninyi ni linamarini, mmebeba sumu, lakini imefungwa, haimdhuru mtu wala haitoki.” Akawapanga wengine juu ya mstari wa duara kubwa, akasema, “Ninyi ni kimeng'enya, mnao ufunguo. Mnakaa ukutani, wenzenu wanakaa chumbani, na jani likiwa zima hamkutani.” Kisha akamwita msichana mmoja, akampa mchi. “Wewe ni mama yako. Twanga.” Msichana akaugonga mchi ardhini kwa nguvu mara tatu, na kwa kila pigo mwalimu akafuta kwa mguu sehemu ya mstari wa ndani, mpaka watoto wenye ufunguo wakawavamia wenye sumu kwa vicheko, wakawafungua, nao wakakimbia kwenda zao mpaka penye mwembe. “Hao wanaokimbia,” akasema mwalimu, “ni hewa ya sianidi. Ikitoka ndani ya sufuria, haimo ndani ya tumbo lako. Kisu hukata kuta chache. Mchi huvunja karibu zote. Ndiyo maana bibi yako anatwanga.”

Wakarudi ndani, na msichana yule aliyeshika mchi akanyoosha mkono. Akasema kwamba bibi yake, akichemsha kisamvu mara ya kwanza, huacha sufuria wazi, na mtu akiifunika humgombeza, lakini hasemi sababu. Mwalimu hakujibu mara moja. Aliwageukia wenzake msichana huyo akawauliza wao wanadhani kwa nini, na baada ya kimya kidogo mvulana wa mbele akasema, “Kwa sababu wale waliokimbia wataugonga mfuniko warudi.” Tangu siku hiyo nimekwisha kusoma maelezo mengi ya kitaalamu juu ya hewa ile, ambayo huchemka katika joto la nyuzi 26 hivi na hivyo hupotea upesi chunguni, wala sijaona yaliyo wazi kuliko hayo.

Mwalimu hakuishia katika kuwasifu wazee, nami nilimheshimu zaidi kwa hilo. Alileta maji mekundu ya choya, yaliyochemshwa kwa maua makavu wanayouza sokoni kwa ajili ya sharubati, akayagawa katika vikombe. Kikombe cha kwanza alikamulia ndimu, rangi ikakoza ikawa nyekundu ya kung'aa. Cha pili akatia maji yaliyochujwa katika majivu, rangi ikatulia ikageuka buluu ya kijani. Cha tatu magadi, ikawa kijani. Hivyo watoto wakajua asidi na besi bila ya karatasi ya litmasi, ambayo shule haina. Halafu akawauliza ni nani nyumbani kwao hutia magadi katika mboga, na karibu mikono yote ikainuka. “Magadi hulainisha majani na kuyaweka yabaki na kijani chake,” akasema, “na hilo bibi anajua. Lakini besi huiharibu vitamini C iliyomo katika mboga, na hilo bibi hakuwa na njia ya kuliona. Basi mwambieni kwa adabu.”

Maneno hayo machache, kwa rai yangu, ndiyo roho ya elimu ya sayansi inayosimama juu ya utamaduni. Wapo wanaoyadharau maarifa ya jikoni na ya shambani kwa kuwa hayakuandikwa, na wapo wanaoyatukuza yote kwa kuwa ni ya kale. Makundi yote mawili hukwepa kazi ya kupima. Madhara ya kukwepa huko yameonekana. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukame ulipowaacha watu na muhogo mchungu peke yake, na njaa ikawakataza kungoja siku za kuuanika na kuuvundika kama ilivyo desturi, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Na kwetu Tanzania maradhi hayo yameonekana Tarime na Mtwara. Katika msiba ule kanuni ya wazee ilikuwa sahihi, na walioiacha waliiacha kwa dhiki, pasipo mtu wa kuwaeleza kwamba lile wanaloona kuwa ni taratibu tu ndilo lililokuwa kinga yao. Kinyume chake, mwaka 2011, maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mizizi ya mugariga kwa imani ya kupona maradhi ya kila namna, na wako wagonjwa walioziacha dawa za hospitali kwa ajili yake. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kuuliza, “Mmea huu una nini ndani yake, hufanya kazi gani, na nitajuaje?” angaliusikiliza uvumi ule kwa masikio mengine.

Serikali na wanavyuoni hawakulala katika jambo hili. Muhimbili wamekuwa wakichunguza dawa za mitishamba tangu mwaka 1974, kitengo kikakua kikawa Taasisi ya Tiba Asilia, na sheria ya mwaka 2002 ikawaweka waganga wa tiba asili chini ya baraza linalowasajili. Lakini taasisi hupokea watu wazima waliokwisha kuundwa. Anayeundwa yumo darasa la sita. Na juu yake huyo nilimwuliza mwalimu yule, tulipokuwa tumeketi chini ya mwembe ambako ile “hewa ya sumu” ilikuwa imekimbilia, kwa nini walimu wengine hawafanyi kama yeye. Akacheka.

“Mtihani hauulizi kinu,” akasema. “Unauliza majina ya vyombo vya maabara, na watoto wangu wanavijua kwa picha. Wazazi huniuliza kwa nini nawachezesha watoto uani badala ya kuwamalizia mada. Na huyu binti, akifaulu, akienda sekondari, atasoma kimeng'enya kwa Kiingereza, wala hapana atakayemwambia kuwa ndicho kile kilichokuwa chini ya mchi wake.”

Nimelitafakari jibu hilo tangu kurejea kwangu, na sioni ya kuwa tiba yake ni ghali. Tangu Mwalimu Nyerere aandike juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu nyingi zina mashamba, na mashamba hayo aghalabu yametumika kulisha shule au kuwaadhibu wachelewaji. Yangaliweza kuwa vitabu. Kila shule na ianzishe daftari moja la mimea ya kijiji chake, watoto wakiwauliza wazee majina na matumizi, wakikausha jani na ua katika karatasi za magazeti, wakiandika jina la mmea kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, na, jambo ambalo waliotutangulia Amani walilisahau, jina la mzee aliyewaeleza, kwa ridhaa yake. Kinachoweza kupimwa kwa choya, ndimu, jua na mizani kipimwe. Kisichoweza kiandikwe kuwa hakijapimwa. Mwalimu wa sekondari apokee daftari hilo kama anavyopokea cheti.

Lakini walimu hufundisha kinachoulizwa, nao hawana lawama. Kwa hiyo haja yangu ya mwisho nawaelekezea watunga mitihani: waandike katika karatasi ya sayansi ya darasa la saba swali moja tu, “Eleza kwa nini kisamvu hutwangwa na kuchemshwa bila kufunikwa.” Mwaka swali hilo litakapotokea, haitahitajika semina wala waraka wa kuwahimiza walimu, watakwenda wenyewe nyumba kwa nyumba kuazima vinu.